Sliti Ilipomzuia Walii

Sijawahi kuiona sleet na sina hamu ya kuiona. Theluji nimeiona kwenye picha, kama kila mtu aliyesoma jiografia nchi hii, na mvua ya mawe imenipiga kichwani zaidi ya mara moja nikitoka kwangu Makongeni. Lakini hiki kitu cha katikati, kinachoanguka kabla hakijaamua kuwa maji au theluji, kwangu kilikuwa neno tu, tena neno baya: ukilitamka unasikia mtu akiteleza na kukalia matope. Sisi tunalitamka sliti. Nilikutana nalo uso kwa uso Jumamosi moja ya Novemba, Majengo, katika nyumba aliyotuachia mama, siku lilipokaribia kuvunja ndoa ya binti wa kaka yangu.

Kaka yangu anaishi ughaibuni, katika nchi ambayo sitaitaja kwa sababu siipendi. Tangu aende huko, mazungumzo yetu ya simu yamekuwa taarifa ya hali ya hewa. Mpigie umwambie fulani amelazwa, naye atakuambia kwanza nje kukoje. Ukithubutu kusema kwamba hata huku kuna baridi, kwamba Julai tunalala na soksi, anacheka kile kicheko cha mtu mwenye baridi halisi akimsikiliza mwenye baridi ya kuazima. Mimi humjibu kwa kimya. Ana kipaji cha kutosikia kimya.

Baba alipofariki tulimzika siku ile ile, baada ya alasiri, kama inavyotupasa. Kaka alipiga simu akasema asingeweza kufika, uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa kwa theluji. Mama alipomfuata tulimzika asubuhi, na kaka akasema theluji. Hata kungekuwa na jua la kukausha omena asingewahi. Maiti wa Kiislamu hangoji ndege, na hilo tungelielewa bila kuambiwa. Lakini yeye alichagua kusema theluji, na neno hilo nyumbani kwetu likapata maana ya pili. Mtu akikosa shughuli, dada yangu huuliza, "Kashikwa na theluji?" hata kama mtu mwenyewe anakaa Shauri Moyo na angeweza kuja kwa miguu.

Ndoa ya binti yake ilikuwa shughuli ya kwanza ya ukoo iliyoweza kumngoja. Msichana huyu alifiwa na mama akiwa bado shule ya msingi, akalelewa na dada yangu humo humo Majengo, lakini walii wake ni babake aliye hai, na bila ruhusa ya babake hakuna nikahi. Kwa hiyo tarehe ilipangwa kufuata likizo ya kaka. Ukumbi ulifuata tarehe, yaani hakukuwa na ukumbi. Tungefungia ndoa sebuleni. Kaka alinunua kanzu mpya, akatutumia picha yake. Si picha yake amevaa kanzu. Picha ya kanzu, imening'inia mlangoni bila mtu ndani. Nikifikiri sasa, tungejua.

Alikuwa afike alfajiri ya siku yenyewe, mpango ambao mtu mwenye akili angemkataza, ila kaka hakatazwi. Alfajiri ikapita. Adhuhuri ikapita. Pilau ikawa imekwisha kukolea uani chini ya kipande cha bati, na mvua ilikuwa ikitandika Majengo tangu asubuhi kama inatudai kitu. Ndipo simu yangu ikatikisika. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, lugha anayoitumia kaka anapotaka kuogopwa: ndege zimefutwa, sleet, ningojeni.

"Kasema nini?" dada akauliza. Mikono yake ilikuwa na hina, kwa hiyo hakuweza kuninyang'anya simu.

"Ndege zimefutwa."

"Na nini?"

Hapa inabidi niseme kwamba nina shahada ya lugha. Mbili, nikibanwa. Naandika makala kuhusu maneno na hulipwa kwa kufanya hivyo, si vizuri, lakini hulipwa, na watu wa mtaa hunisalimu kama wanavyomsalimu nesi: kwa heshima na bila hamu. Swali lile lilikuwa langu hasa. Nilifungua kamusi iliyo kwenye simu. Ikanipa maneno manne yaliyounganishwa ambayo nina hakika hakuna mtu aliyewahi kuyatamka akiwa amelowa. Nikayaacha. Nikatafuta neno la kueleweka.

"Mvua," nikasema.

Dada akatazama paa. Mabati yalikuwa yakilia hivi kwamba tulikuwa tukizungumza kwa kupaza sauti, kama watu wanaogombana, jambo lililotusaidia kuokoa muda.

"Mvua," akasema.

"Mvua ya baridi."

"Sasa ile ya mama ilikuwa theluji, hii ya harusi ya bintiye imekuwa mvua. Inapungua. Tukifika harusi ya mjukuu itakuwa umande."

Wageni wakaingia wakati huo. Bwana harusi alikuwa kijana mpole, amekunja kanzu hadi magotini na ameshika viatu mkononi. Nyuma yake walikuja wanaume wa kwao, na mbele yake, akifungua njia kwa tumbo, ami yake, mzee anayeuza makoti ya mitumba Gikomba. Walikuwa wametoka Shauri Moyo kwa miguu kwa sababu hakuna gari lililokubali kuingia kwenye ziwa la tope lililojaa barabara yetu, na matope yao yalikuwa yameanza kupanda mkeka wa dada. Sheikh alikuwa ameshafika, amekaa pembeni na mashahidi wawili, akitazama saa ya ukutani iliyokuwa imesimama.

"Baba wa binti yuko wapi tumsalimu?" mzee akauliza kabla hajakaa.

Nikamweleza. Nilitumia sauti yangu ya darasani, kosa la kwanza. Kisha nikatumia lile neno.

"Mvua?" Mzee akageuka, akawatazama wanaume wake mmoja mmoja, wote wakichuruzika maji. "Jamani, kumbe inawezekana kuzuiwa na mvua. Hii iliyotunyeshea sisi kutoka Shauri Moyo ni nini, profesa? Sharubati?"

Wakacheka. Si kicheko kizuri.

"Ya huko ni tofauti, mzee wangu."

"Ya huko naijua. Mimi nauza makoti ya huko. Koti moja zito kama godoro, lina kofia, lina zipu juu ya vifungo, lina mfuko ndani ya mfuko. Mtu mwenye koti kama lile anazuiwa na mvua?" Akanyoosha mguu wake, akanionyesha tope. "Sema hataki kutuozesha, tujue. Sisi si watu wa kulazimisha. Tukitoka mlango huu leo haturudi."

Bwana harusi alisema, "Ami, tafadhali," na ami akamwambia anyamaze, hii si biashara yake. Nikafikiri kwamba kama kuna mtu mle ndani ambaye ilikuwa biashara yake ni yeye, lakini sikusema. Sikusema kwa sababu, nitakuwa mkweli, nilikuwa nakubaliana na mzee. Mimi pia niliamini kaka hataki. Sikuona kwa nini asitake, ila nilishazoea kumwamini vibaya na mazoea hayahitaji sababu.

Dada alikuwa ameingia chumba cha ndani kwa wanawake. Kati ya chumba hicho na sebule kulikuwa na pazia tu, na nilimsikia akisema, "Babako keshafanya mambo yake. Anasema mvua."

"Nani kasema mvua?" Sauti ya bibi harusi.

"Ami yako."

"Ami!" akaniita kupitia pazia, mbele ya wakwe, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. "Nisomee vile ameandika. Usinitafsirie."

Nikamsomea.

"Sliti ni nini?" akauliza.

"Ndiyo tunayojadili hapa," mzee akamjibu.

"Basi anasema kweli," akasema binti. "Buda wangu akitaka kudanganya husema theluji. Theluji kila mtu anaijua. Nani anatunga uongo halafu anauita jina ambalo hata ndugu yake msomi halijui?"

Nimesoma kwa walimu wa mantiki, nikalipiwa karo na baba aliyeuza mkaa, na sikuwa nimeliona hilo. Hata mzee aliukunja ule mguu wenye tope. Sheikh, aliyekuwa anangoja pengo, akaingia.

"Walii akiwa mbali anaweza kumpa mtu uwakilishi," akasema. "Nduguye yupo hapa. Mpigieni simu, aseme tu kwa mdomo wake kwamba amemwakilisha, yaani amemfanya wakili wake, mimi na mashahidi tumsikie. Ndoa inafungwa leo, sheria haina ugomvi nayo."

Sheria haikuwa na ugomvi. Kaka alikuwa nao. Lakini kwanza kulikuwa na mabati. Nilipiga, akapokea, nikaweka sauti ya juu, na hakuna aliyesikia hata silabi. Mvua ilimeza kila kitu. Tulijaribu mlangoni, tukajaribu chini ya meza, ambako shahidi mmoja aligonga kichwa. Mwisho dada akarusha blanketi kutoka ndani, lile zito la mama, na sheikh, mashahidi wawili na mimi tukaingia chini yake na simu katikati, watu wazima wanne, vichwa vimegusana, harufu ya udi na soksi mbichi. Ndivyo nilivyozungumza na kaka yangu baada ya miezi minane ya kutozungumza.

"Umewaambia?" akauliza kaka. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mwanamke akitangaza ndege zisizoondoka.

"Nimewaambia. Sheikh yuko hapa. Inatakiwa uniwakilishe, tufunge."

"Nimesema ningojeni."

"Hawangoji. Wanaondoka."

"Waondoke. Wakimtaka watarudi."

"Hawarudi, kaka. Mzee wao amesema."

"Wewe uliwazika wazee wote wawili bila mimi," akasema. Alisema taratibu, kama mtu aliyeshalisema peke yake mara nyingi na sasa amepata hadhira. "Uliingia kaburini kwa baba. Uliingia kwa mama. Huyu humchukui."

Chini ya blanketi mashahidi walitazama pembeni, jambo gumu kwa sababu hakukuwa na pembeni.

"Hakuna anayekunyang'anya mtoto," nikasema. "Ungekuja jana."

"Jana nilikuwa hapa! Tangu jana niko hapa, nimelala kwenye kiti na kanzu yangu mkononi! Hivi umewaambia nini hasa?"

"Kwamba umezuiwa."

"Na nini?"

Nikaisukuma simu kuelekea kwa sheikh.

"Umewaambia na nini?"

"Mvua," nikasema.

Sitayaandika aliyoyasema baada ya hapo. Sheikh alisema astaghfirullah mara kadhaa, na mara ya mwisho nadhani alikuwa anataka kucheka. Alisoma naye chuo cha Kurani wakiwa wadogo. "Ni yeye," akawaambia mashahidi. "Sauti naijua."

"Mvua!" kaka akarudia. "Nimekosa harusi ya mwanangu kwa mvua! Wataniona mtu wa namna gani? Sikiliza. Toka hapo ulipo. Uwaambie wote, mbele ya huyo mzee wao, kwamba si mvua. Waeleze ni nini. Nisikie ukiwaeleza. Usipowaeleza simwakilishi mtu."

Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Nikatoka chini ya blanketi, nywele zimesimama, simu imeinuliwa juu kama mtu anayetafuta mtandao, na bahati nzuri mvua ilikuwa imepungua kiasi cha mtu kujiaibisha na akasikika. Wanaume wa Shauri Moyo walinitazama. Wawili walikuwa wameshaanza kuvaa viatu.

"Ndugu zangu," nikasema. "Nilikosea neno. Si mvua."

"Ni nini sasa?" mzee akauliza.

"Ni theluji ambayo imeyeyuka ikiwa njiani."

"Theluji ikiyeyuka inakuwa nini, profesa?"

"Maji."

"Na maji yakianguka kutoka mbinguni yanaitwaje?"

Kijana mmoja wa kwao akasema, "Wacha we!" na mwingine akapiga paja.

"Haijayeyuka yote," nikasema. "Nusu. Ni maji yenye vipande vya barafu laini ndani. Inakuja kwa ubavu, haianguki wima. Ikigusa ndege inaganda juu ya mabawa."

"Barafu laini ndani ya maji," mzee akasema polepole. Aligeukia wenzake. "Huo si uji? Anataka kutuambia huko kunanyesha uji!"

Sebule yote ikaangua kicheko. Hata nyuma ya pazia walicheka. Dada yangu nilimtambua. Nikajua nimemmaliza kaka. Neno moja nilipewa nilinyooshe, nikalifanya uji. Nilishusha simu ili nisimsikie akikata.

Hakukata. Simu ilipiga kelele mkononi mwangu, na kwa kuwa sauti ilikuwa juu kabisa kila mtu alisikia.

"Mwambie huyo mzee ndiyo! Uji! Ni uji! Uji wa baridi, unamwagiwa usoni siku nzima na mtu anayekuchukia! Unaingia shingoni, unaingia kwenye viatu, hauwi mweupe ukapendeza, hauwi maji ukakauka! Miaka yote hii namwagiwa uji mimi! Na yeye na makoti yake, hayo makoti yenyewe hayazuii kitu, ndiyo maana wenyewe wameyatupa!"

Ikabaki mvua kidogo juu ya bati. Mzee wa makoti akatikisa kichwa kwa kitu kilichofanana na heshima.

"Huyu yuko huko kweli," akasema. "Mtu hawezi kuchukia hivyo kitu ambacho hakimpati." Akaketi mkekani na matope yake yote. Waliovaa viatu wakavua. "Lakini mwambieni asinitukanie biashara."

"Mkwe," sheikh akaniambia haraka, kama mtu anayeona mlango uko wazi na upepo unakuja, ingawa mimi si mkwe wa mtu yeyote mle, "rudi ndani ya blanketi."

Tukarudi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Sheikh akamwambia kaka aseme.

Tulimsikia akipumua, na yule mwanamke wa matangazo, na mahali fulani karibu naye mtoto wa watu akilia kwa lugha nyingine. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa yale ya makala. Shahidi mmoja, mtu wa kazi za useremala, goti lake lilikuwa limelala kwenye mkono wangu na sikuthubutu kumwambia aliondoe.

"Nimemwakilisha," kaka akasema.

"Umemwakilisha nani?" sheikh akauliza. "Sema yote."

"Nimemwakilisha ndugu yangu," akasema, na neno ndugu lilimtoka kama jino, "amwozeshe binti yangu. Kwa leo tu."

"Kwa leo inatosha," sheikh akasema.

Kilichofuata kilikuwa kifupi, kama ndoa zilivyo ukiondoa watu wake. Sheikh alipita pazia akamwuliza binti kama ameridhia, akarudi. Akasoma hotuba. Nikaketi mbele ya kijana, goti kwa goti, nikashika mkono wake uliokuwa baridi na wenye tope kwenye kucha, na sheikh akanilisha maneno kipande kipande, nami nikayasema, na kijana akayapokea bila kukosea. Vigelegele vilitoka ndani kabla hajamaliza. Sinia za pilau zikaanza kupita juu ya vichwa vyetu. Mzee wa makoti alikuwa wa kwanza kunawa.

Nilikuwa nimeshamega tonge la kwanza nilipokumbuka simu. Ilikuwa bado kwenye mikunjo ya blanketi, uso chini, na nilipoigeuza niliona namba za muda wa mazungumzo zikiendelea kuhesabu. Nikaipeleka sikioni kwa mkono usio na mafuta.

"Kaka?"

"Nilisikia vigelegele," akasema. "Hayo mengine sikuyasikia. Ulisemaje?"

"Nilisema kama alivyonisomea sheikh."

"Ulisema 'nimekuoza binti yangu', au ulisema 'binti wa ndugu yangu'?"

"Binti wa ndugu yangu. Kwa uwakilishi wa babake."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na wamesikia?"

"Wamesikia wote."

"Sema tena," akaniambia kaka, "kama ulivyosema."

Nikasema. Mabati yalikuwa yakilia sasa kwa nguvu zote, akaniambia hasikii, niseme tena. Nikaziba sikio moja kwa kiganja chenye pilau, nikapiga kelele mbele ya wakwe, kwamba ninamwozesha binti wa ndugu yangu, na wale waliokuwa wanakula wakainua vichwa kunitazama, mtu anayeozesha mara ya pili peke yake kwenye simu.

"Haya," akasema, akakata.